Kombe la Mama Ombeni

Sabuni ya maji hukorogwa upande mmoja tu. Ukianza kulia, ni kulia mpaka mwisho, na ukisimama kupiga soga inakatika, unabaki na maji ya rangi. Ndiyo maana Mwalimu Sosthenes alipoingia uani kwangu siku ile sikunyanyua hata kichwa, na ndiyo maana, najitetea mpaka leo, sikumsikiliza sawasawa.

"Shikamoo, Mama Ombeni."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo kwenye kreti."

Alikuwa kijana mpole, mwalimu wa sayansi, miezi sita tu tangu ahamishiwe Babati kutoka Tanga alikozaliwa na kukulia. Alikaa, akatazama pipa langu likizunguka, akatazama chupa zilizopangwa ukutani, kisha akasema neno lililonifanya nikoroge kwa kasi zaidi.

"Mama, naomba nijaribu sabuni yako kwenye kombe."

Kombe! Shule yake ninaijua. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kuna kabati la makombe ya mpira ya tangu enzi hizo, yamekuwa meusi kama sufuria za kuni. Kila nikienda kwenye kikao cha wazazi mikono inaniwasha.

"Nilijua siku moja mtakuja tu," nikamwambia. "Hali yake unaionaje?"

"Wako hoi, mama. Na upande ule wa mawe wameshakwisha kabisa."

Wako hoi! Wameshakwisha! Nikacheka kimoyomoyo. Watu wa Tanga nao kwa kupamba maneno, hata kombe la mpira wanalifanya mtu. Na hayo mawe nikadhani ni kona fulani ya kabati. Sisi huku Kiswahili tumekikuta shuleni, hatuwezi kushindana nao.

"Unataka kujaribu mangapi?"

"Kumi na wawili. Sita tutawatia sabuni, sita hatutawatia. Halafu watu walinganishe."

Hapo nikaona kweli kijana ana akili. Sita yang'ae, sita yabaki meusi, watu wajionee kwa macho yao. Tangazo gani la redio lingefua dafu mbele ya hilo?

"Ila matokeo yanaweza yasikupendeze," akasema, akikuna kidevu. "Ndiyo maana nimekuja kuomba ruhusa kwanza."

"Yasinipendeze mimi? Mwalimu, fanyia hadharani! Fanyia uwanjani Jumamosi, mji mzima uone. Tangazo nitaandika mwenyewe."

Alisimama, akanishika mkono vilevile ulivyokuwa na povu, akasema hajawahi kuona mfanyabiashara jasiri kama mimi. Nilimwona kama anazidisha, lakini sifa sizipigi teke, nikazipokea.

Naitwa Rosalia, ingawa ukiniita hivyo barabarani nitachelewa kugeuka. Mimi ni Mama Ombeni, na sabuni yangu inaitwa hivyohivyo. Kwenye lebo kuna picha yangu nikicheka, na chini yake maneno mawili mekundu, makubwa: HAINA MADHARA. Maneno hayo niliyachagua mwenyewe, baada ya mama mmoja wa sokoni kueneza kwamba sabuni yangu inachubua mikono. Niligombana naye siku tatu. Nilifua mashuka ya familia yake yote mbele yake, nikamwonyesha viganja vyangu, mpaka akaomba radhi. Tangu hapo watoto wakiniona wananipigia kelele, "Haina Madhara huyoo!" na mimi nawapungia mkono. Mtu angeweza kunitukana nikasahau kufikia jioni, lakini si kuyagusa maneno yale mawili.

Tangazo nililiandika kwa furaha. Mwenyekiti wa mtaa wetu, Mzee Apolinary, alikubali kulisoma kwenye kipaza sauti cha bajaji, na mzee yule akishika kipaza sauti huwa hasomi, anapiga mayowe. Siku tatu mfululizo alizunguka, kutoka stendi hadi Singe, akarudi barabara ya Bonga: "Jumamosi! Saa nne asubuhi! Uwanjani! Kombe la Mama Ombeni! Haina madhara! Njooni nyote!"

Nanyi fikirini, mji gani ungesikia tangazo hilo ukaelewa vingine?

Jumamosi nilifika uwanjani nimevaa kitenge kipya, nikakuta watu hawapungui mia mbili. Nilishtuka kwa furaha. Kisha nikaona waendesha bodaboda wa stendi wakipasha viungo ndani ya jezi za njano, na wavuvi wa ziwani ndani ya jezi za bluu. Goli zilikuwa zimefungwa nyavu. Kulikuwa na refa mwenye filimbi shingoni, na mtu ameleta ngoma.

"Mama, shikamoo!" Kapteni wa bodaboda, Calvin, alinijia mbio. "Umetisha, mama! Kombe liko wapi tulione?"

"Kombe analileta mwalimu. Ninyi jezi za nini?"

"Sasa tutacheza na mashati?"

Ikanijia taratibu. Walidhani nimeanzisha mashindano! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikajisemea, si vibaya, wacheze mpira wao, sisi tusugue makombe yetu pembeni, na umati uwe mkubwa zaidi. Siku hiyo ilionekana imepangwa na Mungu mwenyewe.

Ndipo mwalimu akatokea, anasukuma baiskeli. Nyuma ya baiskeli kulikuwa na mitungi miwili mikubwa ya kioo kutoka maabara, na ndoo moja yenye mfuniko. Nilitazama ile ndoo. Makombe kumi na mawili ya mpira hayaingii kwenye ndoo ile.

"Mwalimu, kombe?"

"Hawa hapa, mama." Akafunua.

Ndani ya maji ya kijani kulikuwa na vitu vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto, vimelala kimya kwenye tope.

"Mbona haya ni makonokono!"

"Konokono ana gamba moja, mama. Huyu ana magamba mawili, anafungua na kufunga. Sisi Tanga tunamwita kombe. Wa kule ni wa baharini, hawa wenu ni wa maji baridi, lakini ni ndugu."

Nilisikia masikio yanapata moto. Kombe. Wako hoi. Wameshakwisha. Kila neno alilosema uani kwangu likarudi na kukaa mahali pake.

"Kwa hiyo unataka kuwatia sabuni yangu wadudu hawa mbele ya watu wote hawa?"

"Mama, si ulisema hadharani?" Uso wake ulijaa mshangao, na hapo nikajua hakunitega. Tulitegwa wote wawili na neno moja.

Ningeweza kusimamisha kila kitu. Lakini Mzee Apolinary alikuwa ameshawasha kipaza sauti, na watu mia mbili walikuwa wameshazunguka meza. Na niseme ukweli wote: niliiamini sabuni yangu. Mikono yangu inaingia humo kila siku, haijachubuka. Konokono, kombe, vyovyote anavyoitwa, mbona yeye ana gamba?

"Endelea," nikasema kwa sauti. "Sabuni hii haina madhara!"

Watu wakapiga makofi. Mwalimu alijaza mitungi yote miwili maji ya ziwa, yenye ukijani na vumbi la tope, kiasi kwamba ukiweka kidole upande wa pili hukioni. Akaweka kombe sita huku, sita kule. Akaeleza kwamba kombe anakula kwa kuchuja: anavuta maji machafu, anabaki na uchafu, anatoa maji safi. Hiyo ndiyo kazi yake usiku na mchana, wala halipwi.

"Sasa, mtungi wa pili, nusu kifuniko cha sabuni," akasema.

"Nusu ya nini? Usinibanie!" Nikamnyang'anya chupa, nikamimina vifuniko vitatu, vimejaa, huku nimewatazama watu. Nilipigiwa vigelegele. Nimeshajilaumu sana kwa vifuniko vile.

"Tusubiri kwa muda wa saa mbili," akasema mwalimu.

"Saa mbili!" Mzee Apolinary akaruka. "Basi mpira uchezwe!"

Ukachezwa, na mimi sijawahi kuona mechi kama ile. Meza ilikuwa nyuma kidogo ya goli la wavuvi. Nusu ya watu walitazama mpira, nusu walitazama mitungi, na kila mara nusu moja ilipopiga kelele nusu ya pili iligeuka kuuliza kuna nini. Dakika ya ishirini mwanamke mmoja akapaza sauti, "Amefungua! Amefungua mdomo!" Kweli, kwenye mtungi usio na sabuni kombe mmoja alikuwa ameachanisha magamba, na kati yake kimetokeza kitu cheupe, laini. Watu walisukumana kumwona. Kipa wa wavuvi, ambaye maisha yake yote amewakanyaga kombe hao bila kujua wanafanya nini, aligeuza shingo kuchungulia, na bodaboda wakamfunga.

"Bao si halali!" wavuvi walipiga kelele. "Kipa alikuwa kwenye sayansi!"

Refa alikubali bao. Mimi sikucheka, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mtungi wangu. Juu povu, chini kombe sita, midomo imebanwa.

Mapumziko yalipofika, maji ya mtungi wa kwanza yalikuwa yameanza kutakata. Kombe wanne walikuwa wazi. Wachezaji wote walikuja mezani na jasho lao, maji ya kunywa mkononi, wakaanza kuwashangilia kwa namba, "Namba tano fungua! Namba tano fungua!" Namba tano akafungua, ngoma ikalia, watu wakakumbatiana kama wamefunga wao. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilijikuta nimeruka. Kisha nikatazama upande wa pili, nikainama, nikaanza kuwabembeleza wale wangu kwa sauti ya chini.

"Fungueni basi. Mnaniaibisha. Fungueni kidogo tu."

Hawakufungua. Kipindi cha pili wavuvi walirudisha bao, kisha Calvin akapiga shuti la mbali likaingia, mbili kwa moja, filimbi ikalia. Sikuona hata moja ya hayo vizuri.

Mzee Apolinary alikuja na karatasi ya majina ya wachezaji. Akaishika nyuma ya mtungi wa kwanza, na kupitia maji yale akasoma kwenye kipaza sauti majina yote kumi na moja, jina kwa jina, bila kukosea. Watu walilipuka. Kisha akaipeleka nyuma ya mtungi wangu. Alikodoa macho, akasogea, akavaa miwani, akaivua.

"Hapa," akasema, akikohoa kidogo, "hapa hapasomeki."

Watu wakanigeukia. Hasira zikanipanda.

"Umechagua!" nikamgeukia mwalimu. "Wazima umewaweka kule, wagonjwa umenipa mimi!"

Hakukasirika. Alinisogezea bakuli lenye maji ya ziwa. "Basi wahamishe wewe mwenyewe, mama. Watoe kwenye sabuni, uwasuuze, uwaweke humu. Kama ni wagonjwa hawatafungua."

Nilikunja mikono ya blauzi, nikaingiza mkono kwenye sabuni yangu mwenyewe, nikawatoa mmoja mmoja. Walikuwa wamebana kabisa, isipokuwa mmoja aliyekuwa wazi, nikafurahi, nikamwonyesha mwalimu: "Huyu si amefungua!" Mwalimu alichukua unyasi, akamgusa ndani taratibu. Kombe hakufunga. Akamgusa tena.

"Aliye hai akiguswa anafunga, mama," akasema polepole. "Huyu amekufa."

Nilimweka pembeni ya meza. Tukawasubiri watano. Jua la saa saba lilikuwa kali na mpira umekwisha, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani. Mtu aliliwekea bakuli kivuli kwa mwavuli. Kisha, ghafla, yule wa katikati akaachanisha magamba, nafasi ya uzi mmoja tu, na uwanja mzima ukapiga kelele ambayo hata bao la Calvin halikuipata. Wa pili. Wa tatu. Nilipiga makofi, nikalia, nikacheka, vyote kwa pamoja. Wa nne alichelewa. Wa tano tulimsubiri mpaka Mzee Apolinary akaanza kumwombea kwenye kipaza sauti, na alipofungua nilimkumbatia mwalimu mpaka kofia yake ikaanguka.

Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamebana pumzi muda wote ule, wananisubiri mimi niwatoe.

"Hawa uliwapata wapi?" nikamuuliza, nikifuta macho.

"Mbali, mama. Ng'ambo ya matete, mtumbwi wa kuazima, huku namwangalia kiboko. Pale kwenye mawe ya kufulia nilitafuta siku mbili, nikakuta magamba matupu."

Mawe ya kufulia nayajua. Nilipokuwa mdogo mama yangu alifulia pale, na mimi kila siku nilirudi nyumbani nachechemea kwa sababu magamba ya vitu vile yalinikata nyayo. Nilivichukia. Na pale mezani, mbele ya watu wote, nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto yeyote wa Babati kukatwa mguu pale, nikakosa. Sisi tulivyoona hawapo tulisema pamekuwa pazuri.

Nikawageukia bodaboda. "Calvin, jezi hizi mmefulia wapi?"

"Ziwani, mama, pale kwenye mawe. Kwa sabuni yako, chupa nzima!" Alisema kwa kujivuna, ili kunifurahisha. "Ila ziwa ni kubwa, mama."

"Ziwa ni kubwa, lakini wao wanakaa pale pale ulipomwaga."

Mzee Apolinary alinisogezea kipaza sauti. Mzee alikuwa na huruma usoni. "Mama Ombeni, watu wanasubiri. Tuseme nini?"

Mwalimu akaninong'oneza haraka, "Sema kipimo kilizidi. Nami nilisema nusu. Hutakuwa umedanganya."

Alinipa mlango, na ulikuwa mlango wa kweli. Ningepita hapo, nikarudi nyumbani na picha yangu inayocheka na maneno yangu mawili. Nilitazama chupa iliyokuwa mkononi. Nilimwona yule mama wa sokoni, siku tatu za ugomvi, mashuka. Niliona aibu, na hasira pia, hasira kubwa, ila safari hii haikuwa na mtu wa kuiangukia isipokuwa mimi. Kisha nikamtazama yule kombe mmoja pembeni ya meza, mdomo wazi, anakauka.

Lebo ilikuwa imelowa. Niliingiza ukucha chini ya neno la kwanza, nikachuna herufi mbili tu, nikainua chupa juu.

Mwanzo hakuna aliyeelewa. Kisha sauti moja nyuma ikasoma, silabi kwa silabi, "I-NA MA-DHA-RA."

Ina madhara.

"Kwa nguo ni safi," nikasema kwenye kipaza sauti. "Kwa mikono ni safi, atakayebisha aje. Ila ndani ya ziwa ina madhara, na mmejionea. Chota maji, panda juu, fulia huko, na ya povu yamwage shimoni. Anayetaka kufulia ndani ya ziwa, sabuni yangu asinunue. Nikimkuta pale kwenye mawe, mtatuamulia."

Walicheka, kwa sababu wananijua. Kisha makofi yakaanza, na yalikuwa mengi kuliko yale ya asubuhi. Wanawake wawili walikuja palepale kuchuna herufi kwenye chupa walizobeba. Mimi nilitaka kukaa chini, ndipo Calvin akapenya mpaka mbele na jezi yake ya njano.

"Mama, tumekuelewa, na jezi hatufulii tena kule. Lakini tumeshinda mbili moja. Kombe letu?"

Nilikuwa nimesahau. Wenzake kumi walisimama nyuma yake wakinitazama, jasho limewakauka. Nilimchukua yule kombe wa pembeni ya meza, nikamsuuza kwenye maji safi, nikamweka kwenye kiganja cha Calvin.

Alimgeuzageuza kiganjani. "Mama, si huyu ndiye aliyekufa?"

"Ndiye. Mtunzeni, na mwakani mmlete mumshindanie huyohuyo," nikamwambia. "Sitaki niwe na mwingine wa kuwapa."